Hisa za Ndege: Southwest, British Airways, Delta au Kenya Airways?

Chama chetu cha uwekezaji, ambacho hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mtaani South B, kimekuwa na ubishi usiokwisha tangu Januari 2025, wakati hisa za Kenya Airways ziliporuhusiwa tena kuuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi baada ya kusimamishwa kwa zaidi ya miaka 4. Upande mmoja unasema kwamba bei iko chini, shirika limeonja faida, na kwamba tutajuta tukiendelea kusubiri. Upande wa pili unasema kwamba kama ni lazima tuingie katika biashara ya ndege, basi heri tumtafute dalali wa kutununulia hisa za New York au London kuliko kuziweka pesa za wanachama katika shirika lililowahi kutangaza hasara kubwa kuliko kampuni nyingine yoyote nchini. Nilipewa kazi ya kuandika ulinganisho, nami nimechagua mashirika manne: Southwest na Delta za Marekani, British Airways, ambayo mwenye kuitaka hununua hisa za kampuni yake mama ya IAG, na Kenya Airways yenyewe.

Sikuyalinganisha kwa upana wa viti wala kwa idadi ya miji yanakofika. Nimeuliza mambo matatu tu: shirika lilipobana matumizi lilikata wapi, mitambo yake ilipozimika ni nini kilichofuata, na mwenye hisa alilipia kiasi gani.

Kinachokatwa na kisichoonekana

Biashara ya ndege ina gharama nyingi ambazo meneja hana uwezo nazo. Bei ya mafuta hupangwa na soko la dunia, ndege hununuliwa au kukodishwa kwa dola, na ada za kutua hutozwa na viwanja. Meneja anayetaka kuwaonyesha wawekezaji kwamba amepunguza gharama hubaki na vitu vichache vya kugusa: mlo wa abiria, mishahara, idadi ya marubani na wahudumu wa akiba, vipuri vilivyowekwa ghalani, na kompyuta.

Vitu hivi havifanani hata kidogo. Abiria akinyimwa mkate wa bure atalalamika siku hiyo hiyo, na shirika litajua mapema kama limekosea. Lakini programu ya kupanga zamu za marubani ikiachwa miaka na miaka bila kubadilishwa, hakuna abiria atakayelalamika, na hesabu za mwaka zitapendeza, na wakurugenzi watapongezwa kwa uangalifu wao. Pesa zilizookolewa hapo ni deni ambalo halimo katika mizania, na mkopeshaji wake ni dhoruba, fundi aliyeteleza mkono, au kipande cha programu kilichotumwa usiku wa manane.

Ninalijua jambo hili kidogo kwa upande wa abiria pia. Miaka michache iliyopita nilikesha katika uwanja wa ndege nikisubiri safari ya shirika ambalo sitalitaja, baada ya kompyuta zao kuzimika, na nakumbuka kijana mmoja wa kaunta akiandika pasi za kupandia ndege kwa kalamu, mkono ukimtetemeka, huku watu 200 wakimfokea. Nilichojifunza usiku ule ni kwamba hasira ya watu haikuwa kwa sababu ya mitambo. Ilikuwa kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye kujua ndege iko wapi. Hilo linarudi katika kila kisa kinachofuata.

Southwest: deni la miaka mingi lililodaiwa siku 10

Nimeanza na Southwest kwa sababu ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi, na pia kwa sababu hadi 2019 ilikuwa fahari ya kila mtu anayefundisha biashara. Ilipata faida miaka 47 mfululizo, jambo ambalo hakuna shirika jingine kubwa la Marekani lililolikaribia. Kubana matumizi ndiko kulikuwa uhai wake: ndege za aina moja tu, Boeing 737, ili fundi na rubani wasihitaji mafunzo mawili, viti visivyopangiwa majina ili watu wapande haraka, ndege isikae chini muda mrefu. Huo ulikuwa ubanaji wenye akili, na abiria waliupenda kwa sababu nao walipata kitu: mizigo miwili ya bure na nauli nafuu.

Kasoro ilikuwa chini ya sakafu. Julai 2016 kifaa kimoja cha mtandao wa kompyuta kiliharibika, na shirika likafuta safari zaidi ya 2,000 katika siku chache. Oktoba 2021 ratiba ilivurugika tena kwa siku kadhaa, safari nyingine 2,000 hivi zikafutwa. Chama cha marubani wake kilisema waziwazi, mara nyingi, kwamba mfumo wa kupanga wahudumu umezeeka. Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 2017 na 2019, shirika lilitumia zaidi ya dola bilioni 5 kununua hisa zake lenyewe sokoni, hatua inayopandisha thamani ya hisa zinazobaki na ambayo kila mwekezaji huishangilia. Tarehe 7 Desemba 2022 likatangaza kwamba linarejesha gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, lililokuwa limesitishwa tangu janga la korona, na lilikuwa la kwanza kufanya hivyo kati ya mashirika makubwa ya nchi hiyo.

Wiki mbili baadaye ikaja dhoruba ya baridi kali. Mashirika yote ya Marekani yaliumia, lakini mengine yalikuwa yamesimama tena mara baada ya Krismasi, hali Southwest ndiyo kwanza ilikuwa ikizama. Sababu yake inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha ulinganisho huu. Mashirika mengi makubwa huwa na vituo vikuu ambako ndege na wahudumu hurudi mara kwa mara, hivyo mambo yakiharibika kuna mahali pa kuanzia upya. Ndege za Southwest na watu wake huenda mji hadi mji kama matatu isiyo na steji kuu: rubani anaamka Denver, analala Baltimore, keshokutwa yuko Phoenix. Safari zilipofutwa kwa mkupuo, programu yake ya kupanga wahudumu, iitwayo SkySolver, ilielemewa na wingi wa mabadiliko, nayo ikawa inapanga leo kwa hesabu ya mahali watu walipokuwa jana. Marubani na wahudumu walilazimika kupiga simu makao makuu kueleza waliko, wakasubiri saa nyingi bila kujibiwa. Kulikuwa na ndege, na kulikuwa na marubani, na wakati mwingine vyote viwili vilikuwa katika uwanja mmoja, lakini kompyuta haikujua.

Karibu safari 17,000 zilifutwa mwishoni mwa Desemba 2022, na zaidi ya abiria milioni 2 wakakwama katika msimu ambao Wamarekani huuthamini kuliko mwingine wowote. Gharama ilipita dola bilioni 1.1. Mwaka mmoja baadaye Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikatoza adhabu ya dola milioni 140, kubwa kuliko zote ilizowahi kutoza kwa kosa la kuwadhulumu wasafiri.

Sasa mtu wa chama chetu atauliza: hisa je? Soko lilipofunguliwa Desemba 27 hisa ziliteremka kwa takriban asilimia 6, na hilo, kwa maafa ya kiasi hicho, si anguko la kutisha. Shirika hata lilifunga mwaka wa 2022 likiwa na faida ya dola milioni 539. Aliyetazama wiki moja tu angesema kwamba soko halijali sifa. Nadhani hilo ni kosa ambalo wawekezaji wengi wadogo hulifanya, la kupima jeraha kwa damu ya siku ya kwanza. Southwest ililipa polepole. Bei ya hisa ilibaki dhaifu, na udhaifu huo ukamvuta mwekezaji mwenye makucha: Juni 2024 kampuni ya uwekezaji ya Elliott ilitangaza kwamba imekusanya hisa za thamani ya dola bilioni 1.9 hivi na kwamba inataka uongozi ubadilishwe. (Ni sadfa tu kwamba dhoruba ile nayo ilipewa jina la Elliott, mwanachama wetu mmoja aliposikia alisema kwamba Southwest imepigwa na Elliott wawili, na wa pili ndiye aliyeumiza zaidi.) Mwenyekiti aliyekuwa ameiongoza kwa miaka mingi, Gary Kelly, akaondoka. Viti visivyopangwa vikaamuliwa kuondolewa. Februari 2025 wafanyakazi 1,750 wa ofisini walipunguzwa, jambo ambalo shirika hilo halikuwa limelifanya katika historia yake yote. Mwezi Mei mwaka huo mizigo ya bure ikafutwa kwa abiria wengi.

Kwa hiyo bei kamili ya kuahirisha kompyuta haikuwa ile bilioni 1.1. Ilikuwa kupoteza yale mambo yaliyomfanya abiria aichague Southwest badala ya jirani yake. Kama mageuzi hayo yatazaa faida, mwenye hisa atafurahi. Lakini anayenunua leo ananunua shirika jingine lenye jina la zamani.

British Airways: sifa ikichafuka, ngome ikabaki

Jumamosi ya tarehe 27 Mei 2017, mwanzo wa mapumziko marefu ya Uingereza, kituo cha data cha British Airways karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London, kilipoteza umeme. Maelezo yaliyotolewa baadaye ni kwamba fundi wa kandarasi aliukata umeme, kisha ukarudishwa bila utaratibu, mitambo ikapigwa na mkondo mkubwa na kuharibika. Safari 726 zilifutwa katika siku tatu na abiria wapatao 75,000 wakaathiriwa. Hasara ilikadiriwa kuwa pauni milioni 80.

Shirika lilikuwa limekwisha kujijengea jina la ubahili. Mkuu wake wakati huo, Álex Cruz, alitoka Vueling, shirika la nauli za chini, na miezi mitano kabla ya tukio alikuwa ameondoa chakula cha bure katika safari fupi na kuanza kuuza vyakula vya Marks & Spencer ndani ya ndege. Chama cha wafanyakazi cha GMB kilidai papo hapo kwamba janga lilitokana na kupeleka kazi za kompyuta India mwaka uliotangulia. Shirika lilikana, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba umeme kukatwa na fundi aliyekuwa Uingereza si ushahidi wa kosa la aliye India. Hata hivyo umma haukusubiri ushahidi. Mtu akishajulikana kuwa bahili, hata paa la nyumba yake likivuja kwa sababu ya mvua ya mawe watu watasema ni mabati ya bei rahisi. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza ya kubana mahali panapoonekana: shirika hupoteza haki ya kuaminiwa linapojitetea.

Kuna gharama ya pili, ambayo mwekezaji wa Nairobi huenda asiifikirie. Sheria za Ulaya humpa abiria fidia ya pesa taslimu, kati ya euro 250 na 600 kulingana na umbali, iwapo safari imefutwa kwa kosa la shirika. Kwa hiyo mitambo ya shirika la Ulaya ikizimika, bili huja yenyewe bila kesi. Na mwaka uliofuata sifa iliguswa tena: Septemba 2018 British Airways ilitangaza kwamba wezi wa mtandaoni wamechukua taarifa za kadi za wateja. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Uingereza ilitishia faini ya pauni milioni 183, ambayo hatimaye, Oktoba 2020, ikashushwa hadi pauni milioni 20.

Pamoja na hayo yote, faida ya uendeshaji ya IAG ilipanda kutoka euro bilioni 2.5 mwaka wa 2016 hadi takriban bilioni 3 mwaka wa 2017, mwaka ule ule wa aibu. Inawezekanaje? Jibu ni Heathrow. Uwanja huo umejaa; nafasi za kutua na kuruka hazipatikani, na British Airways inashikilia karibu nusu yake. Mfanyabiashara wa London anayekwenda New York asubuhi anaweza kuchukia mkate wa kununua na bado akapanda, kwa sababu mbadala ni mchache. Anayeuza maji peke yake kijijini hakosi wateja hata akiwa na ulimi mchafu.

Kilichoitikisa IAG kweli hakikuwa sifa bali janga la korona, lililoilazimu kuwaomba wenye hisa mtaji mpya wa euro bilioni 2.7 mwaka wa 2020 na kukaa bila gawio hadi 2024. Anayenunua IAG anapaswa kuogopa zaidi kile kinachosimamisha safari zote duniani kuliko kile kinachozima kompyuta moja.

Ryanair, shirika la nauli za chini la Ireland, nayo ingestahili kuingia hapa, lakini naipita kwa ufupi: Septemba 2017 ilikosea kupanga likizo za marubani, ikafuta maelfu ya safari, ikatukanwa katika kila gazeti la Ulaya, ikalazimika kuvitambua vyama vya wafanyakazi ilivyokuwa imevikataa kwa miaka yote, na bado ikafunga mwaka wake wa fedha, Machi 2018, kwa faida ya euro bilioni 1.45. Nauli ya chini nayo ni ngome.

Delta: anayelipa ghali naye huanguka

Ubishi wetu wa South B ungekuwa mwepisi kama Delta isingeanguka. Shirika hili halijulikani kwa ubahili. Huwatoza abiria zaidi, hugawa sehemu ya faida kwa wafanyakazi kila Februari, na baada ya umeme kukatika katika kituo chake cha Atlanta mnamo Agosti 2016, tukio lililofuta safari 2,300 na kugharimu dola milioni 150, lilisema kwamba limewekeza mabilioni katika teknolojia.

Kisha ikaja tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kosa, na kompyuta milioni 8.5 zinazotumia Windows zikagoma duniani kote. Mashirika ya United na American yaliyumba siku mbili tatu. Delta ilifuta takriban safari 7,000 katika siku tano na kuwaacha abiria milioni 1.3 wakihangaika. Mfumo uliochelewa kurudi ni, tena, ule wa kujua wahudumu wako wapi. Mkuu wake, Ed Bastian, alisema hasara ni dola nusu bilioni, na Oktoba shirika likaishtaki CrowdStrike katika mahakama ya Georgia. Microsoft, yenye Windows, ilijibu kwamba Delta yenyewe haikuwa imeifanya mitambo yake kuwa ya kisasa, kauli ambayo Delta iliikanusha vikali.

Mimi siwezi kuamua kati yao. Ninachokiona ni kwamba kutumia pesa nyingi hakutoshi. Mtu anaweza kununua kufuli 100 na zote zikafunguliwa kwa ufunguo mmoja. Lakini tazama kilichompata mwenye hisa: Delta ilifunga mwaka wa 2024 ikiwa na faida halisi ya takriban dola bilioni 3.5, na tukio la Julai likabaki mstari mmoja katika ripoti ya robo ya tatu. Tofauti yake na Southwest haiko katika ukubwa wa aibu. Delta iliingia katika aibu ikiwa na abiria wanaolipa vizuri, na ikiwa na akiba ya imani: watu wengi waliona kosa la Julai kuwa ajali, si tabia. Ajali husamehewa. Southwest ilikuwa imeonywa mara tatu.

Kenya Airways: walipokata msingi

Sasa tufike Embakasi, ambako moyo wa wanachama wengi uko, na pengine ndiyo sababu tunashindwa kupiga hesabu vizuri. Kenya Airways ilibinafsishwa mwaka wa 1996, KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ikachukua asilimia 26, na Wakenya wengi wa kawaida wakanunua hisa wakiwa na fahari. Mambo yaliharibika ilipojitanua kwa mikopo ya ndege mpya wakati soko linasinyaa. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ulileta hasara ya shilingi bilioni 25.7, na uliofuata bilioni 26.2.

Hapo ndipo kubana matumizi kulipoanza kwa shoka. Ndege kubwa za Boeing 777-300 zilikodishwa Turkish Airlines. Wafanyakazi walipunguzwa. Nafasi ya kutua Heathrow iliuzwa, ikaishia kwa Oman Air. Jambo hili la mwisho ndilo nilitaka wanachama walitazame kando ya kisa cha British Airways, kwa sababu kile ambacho IAG inakitegemea ili isife siku ya aibu ndicho tulichokiuza ili tulipe madeni. Sisemi kwamba walikuwa na njia nyingine. Mwenye njaa huuza hata jembe. Nasema tu kwamba ubanaji wa namna hiyo si ule wa kumnyima abiria mkate.

Mwaka wa 2017 madeni ya benki yaligeuzwa kuwa hisa. Serikali ikabaki na asilimia 48.9, benki za hapa nchini asilimia 38.1, na KLM ikashuka hadi 7.8. Fungu la wenye hisa wadogo likamezwa, na kile kilichobaki mikononi mwa umma kikawa kiasi kidogo sana, kiasi kwamba wanunuzi wachache tu wanaweza kuirusha bei juu au kuishusha bila sababu yoyote ya kibiashara. Julai 2020 hisa zikasimamishwa wakati serikali ikifikiria kulitaifisha shirika. Mswada haukufika mwisho, na mwenye hisa alikaa hadi Januari 2025 bila uwezo wa kuuza hata hisa moja. Kwa maoni yangu hilo ni baya kuliko hasara. Mwenye hisa za Southwest aliyekasirika Desemba 2022 aliuza kabla ya chai ya jioni.

Sifa ya shirika nayo imepigwa na mambo ambayo si ya kompyuta: mgomo wa marubani wa Novemba 2022, uliosimamisha safari nyingi kwa siku kadhaa, na kuchelewa ambako wasafiri wamekugeuza utani. Mwaka wa 2024 ulileta faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza katika miaka 11, na shangwe zilikuwa za haki, ingawa sehemu kubwa ilitokana na shilingi kuimarika dhidi ya dola, kitu ambacho shirika halikukitengeneza. Kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya shilingi bilioni 12.2, kwa sababu ndege tatu kati ya tisa za Boeing 787 Dreamliner, zile za safari za mbali, zilikuwa chini zikisubiri injini na vipuri, vitu vilivyoadimika duniani kote.

Shirika lenye ndege 100 likiegesha tatu, abiria hajui. Lenye Dreamliner tisa likiegesha tatu, theluthi ya uwezo wake wa safari za mbali imekwenda. Hapa hakuna akiba ya ndege, hakuna akiba ya pesa, na mshtuko ambao Delta iliuandika katika mstari mmoja, Kenya Airways huuandika katika ukurasa wa kwanza.

Ningechagua nini

Pesa ambazo wanachama watazihitaji kwa karo ya Januari au kwa kumalizia nyumba hazifai kuingia katika shirika lolote kati ya haya. Hatifungani za serikali ziko, na hazihitaji vipuri. Kwa zile zinazoweza kukaa miaka 5 au zaidi, ningeanza na Delta, si kwa sababu haitaanguka tena bali kwa sababu nimeiona ikianguka na kuinuka na faida mfukoni. IAG ningeiweka ya pili, nikijua kwamba gawio lake linaweza kukauka janga jingine likija, na kwamba mabadiliko ya pauni na euro dhidi ya shilingi yatatugusa pia, kama ambavyo dola itatugusa kwa Delta.

Southwest ningeiacha kwa sasa. Anayeamini kwamba kutoza mizigo kutaleta faida kubwa kuliko upendo uliopotea anaweza kuingia. Mimi ningependa kuona majira mawili ya baridi yakipita kwanza, pamoja na taarifa kamili ya mfumo mpya wa kupanga wahudumu.

Kuhusu Kenya Airways, sikubaliani na pande zote mbili za chama. Wanaosema ni nafuu kwa sababu bei ni ya shilingi chache wanachanganya bei na thamani, na wanaosema isiguswe kamwe wanasahau kwamba hisa hizi zinaweza kupanda ghafla mwekezaji mkubwa akipatikana. Pendekezo langu ni kwamba tusinunue hadi mambo matatu yaonekane kwa maandishi: Dreamliner zote tisa zikiwa zinaruka, mali ya shirika ikiwa haipungui tena chini ya madeni yake, na masharti ya mwekezaji mpya yakieleza wazi mwenye hisa mdogo atabaki na sehemu gani. Hata hapo, ningetenga kiasi kisichozidi mchango wetu wa mwezi mmoja, na mweka hazina akiandike katika daftari kama pesa tulizoziazima bila tarehe ya kurudishwa.